Mawimbi ya Angani Yasipimwe kwa Upande Mmoja

Volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ilipolipuka katika Pasifiki tarehe 15 Januari 2022, barometa zilitikisika duniani kote. Wimbi la shinikizo lilisafiri kwa kasi ya takriban mita 318 kwa sekunde. Likafuatiwa na mengine yaliyokwenda polepole zaidi: mawimbi ya graviti ya angahewa. AIRS, kifaa kilichomo kwenye setilaiti ya Aqua ya NASA, kiliyanasa yakitanda juu ya bahari, duara ndani ya duara.

Si lazima volkano ilipuke ili mawimbi haya yatokee. Upepo ukigonga mlima, au wingu la mvua ya radi likifumuka, hewa husukumwa juu, hupoa, huwa nzito kuliko ya jirani, hushuka, hupitiliza, kisha hupanda tena. Kadiri wimbi linavyopaa kwenye hewa nyepesi ndivyo linavyokua, hadi livunjike na kuuachia upepo wa huko msukumo wake. Mawimbi haya ni miongoni mwa yanayougeuza upepo wa juu ya ikweta, kilomita 20 hadi 30 kutoka ardhini, takriban kila miezi 28. Upepo huo hupita juu ya Kenya, Uganda na Kongo. Mengi ya mawimbi haya ni madogo mno kwa kompyuta za kutabiri tabianchi, kwa hiyo wataalamu huyakadiria tu.

Ndiyo maana vipimo ni muhimu, na kipimo kimoja hakitoshi. AIRS hutazama chini na kusoma joto kupitia mionzi ya infraredi ya kaboni dioksidi. Mawimbi yenye tabaka nyembamba hukiponyoka. SABER, kifaa kingine kilichorushwa angani Desemba 2001, hutazama ukingo wa angahewa kwa ubavu. Tabaka hizo nyembamba huziona vizuri, lakini mawimbi mafupi ya mlalo hukichanganya.

Mwaka 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilichagua WIVERN, setilaiti ya kupima upepo ndani ya mawingu, likaiacha CAIRT, ambayo ingetazama ukingo wa angahewa kuanzia kilomita 5 hadi 115. WIVERN inastahili. Lakini SABER kilipangiwa miaka miwili tu, na kukitegemea katika uzee wake ni hatari isiyo ya lazima. CAIRT, au kazi yake kwa jina jingine, irudishwe mezani katika duru ijayo ya uteuzi, na takwimu zake ziwe wazi kwa idara za hali ya hewa za nchi za ikweta.