Mtoto wa daktari anapolala chumba cha zamu

DADA wa kazi aliaga Jumapili jioni. Alisema anakwenda kumwona mama yake anayeumwa na angerudi Jumanne, lakini alibeba begi lote na kufikia saa 3 usiku simu yake haikupatikana tena. Mtoto ana miezi minne. Baba yake yuko mkoa mwingine kikazi, bibi yuko kijijini, safari ya siku nzima kwa basi. Na saa 1:30 asubuhi mama huyo, daktari wa wodi ya watoto, anatakiwa kupokea zamu kwa mwenzake aliyekesha.

Akafanya jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi hospitalini ameliona. Alimfunga mtoto kwa kanga, akachukua begi la nepi, akaenda naye kazini.

Getini kuna tangazo kama lililopo katika hospitali nyingi, kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia wodini kuona wagonjwa. Mlinzi alilipa mgongo tangazo hilo, akamchungulia mtoto kwenye kanga, akasema, “Karibu dokta,” akafungua.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mtoto alilala kwenye kitanda cha chumba cha zamu, na nesi mmoja wa makamo akasema, “Mama, nenda kazungukie wagonjwa, huyu niachie mimi.” Saa 5 akaletwa mtoto mwenye degedege, nesi akaitwa, na wa chumbani akabaki peke yake akilia. Kwenye benchi la nje, mama mmoja aliyekuwa amembeba wa kwake mwenye homa alimwambia mwenzake kwamba ndiyo maana foleni haisogei, madaktari wako huko ndani wanalea. Daktari alisikia. Hakujibu.

Lakini si maneno hayo yaliyomnyima usingizi. Mchana ilibainika kuwa mtoto mmoja aliyekaa kwenye korido ile kwa muda mrefu, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha zamu, alikuwa na vipele na macho mekundu. Alishukiwa kuwa na surua.

Mzazi anayesoma hapa anapaswa kujua kwa nini hilo lilimtisha mtu aliyesomea udaktari. Virusi vya surua husafiri kwa hewa na vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Chanjo ya kwanza ya surua hapa nchini hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Mwenye miezi minne anategemea kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama, nayo hupungua kila wiki. Kwa wiki mbili na zaidi daktari huyo alimpima mwanaye joto asubuhi na jioni. Hakuugua.

Ni rahisi kusema alikosea, na kwa upande wa mtoto ni kweli alikosea. Wodi ina vifua vinavyokohoa, ina sindano, ina sakafu ambayo hata ikipigwa deki mara tatu si ya mtoto kutambaa. Ila hesabu ya siku nayo itazamwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84. Hizo ni wiki 12. Chanjo ya tatu ya kumkinga mtoto na kifaduro na magonjwa mengine hutolewa akiwa na wiki 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kwa hiyo mama anayemfundisha mgonjwa wake asimpe mtoto hata uji kabla ya miezi 6 anarudi kazini mwenyewe akiwa nusu ya safari hiyo, na kituo cha kulelea watoto cha mtaani, kama kipo, hufungwa jioni wakati zamu yake ya usiku ndiyo inaanza.

Jambo jingine halisemwi sana. Mtoto anayeonekana hospitalini karibu siku zote amekuja na mama. Madaktari wanaume nao wana watoto, nao dada zao wa kazi huondoka. Sheria hiyo hiyo inampa baba siku 3 tu mtoto anapozaliwa, na pengine hapo ndipo familia hujifunza mapema kwamba dharura ya mtoto ni ya mtu mmoja.

Sheria ina kifungu ambacho wengi hawakitumii: mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Hospitalini, ambako mtu akitoka wodi inabaki na nusu ya watu, kuomba saa hizo huonekana kama kuwakimbia wenzako. Hapo mganga mfawidhi ndiye anayeweza kusaidia, kwa kuziandika kwenye ratiba ya zamu ili mama asiziombe upya kila siku. Chumba kimoja mbali na wodi, chenye mlango wa nje, kiti, sinki la kunawia na mlezi mmoja, kingefanya zaidi ya tangazo la getini.

Kwa mzazi yeyote wa zamu, awe daktari, nesi au mlinzi, maziwa ya kukamua hupunguza safari. Kwenye joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25, hukaa saa 4. Kwa joto la Dar es Salaam usiyategemee nje ya friji. Kwenye friji hukaa hadi siku 4, na liwe friji la chakula, si la chanjo wala la maabara, hata kama ndilo lililo karibu. Hupashwa kwa kuweka chombo kwenye maji ya moto, hayachemshwi. Mtoto mdogo anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo kilicho safi. Na ukirudi nyumbani, koti na nguo za kazi zivuliwe na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpokea, hata akikulilia mlangoni.

Daktari yule alipata dada mwingine baada ya siku 9. Safari hii hakungoja aondoke. Alikwenda kwa jirani yake, nesi mstaafu, wakakubaliana malipo na namba ya bodaboda anayemwamini. Mwezi wa pili dada naye akaaga. Siku hizi saa 7 mchana jirani hufika na mtoto chini ya mwembe ulio nje ya geti. Mama hutoka bila koti, akiwa ameshanawa mikono, akaketi kwenye benchi akamnyonyesha, huku akimuuliza shangazi huyo, kama anavyomwita, kama kijana amelala vizuri. Mlinzi ndiye huwaangalizia saa.