Wazazi na Walimu: Nani Kamkabidhi Nani Fimbo?

Inasikitisha kuona kwamba hapa Mbeya, kila yanapozungumzwa matatizo ya nidhamu darasani, wazazi huwatupia lawama walimu, na walimu nao huwarejeshea wazazi. Katikati ya mzozo huo amesimama mtoto, na kilichobaki kuzungumza naye ni fimbo peke yake. Sisi tulio hapa Ilomba tunasema hali hii haivumiliki tena.

Hatubuni. Mwishoni mwa Septemba 2016, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya alishambuliwa na kundi la walimu waliokuwa katika mafunzo ya vitendo. Picha za video zilipoenea Oktoba, nchi nzima ilishtuka, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza wafukuzwe vyuoni. Agosti 2018 msiba ulikuwa mkubwa zaidi: mtoto wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Kisha Oktoba 2019, mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja huko Chunya yalipoungua, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi kwa mkono wake, na Rais Magufuli akampongeza hadharani.

Tuulize: kwa kanuni ipi? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ziko wazi. Adhabu hiyo ni kwa makosa mazito tu. Viboko visizidi vinne. Mtoaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mkuu wa mkoa hatajwi humo. Mwalimu wa mazoezi aliyepandwa na hasira hatajwi pia. Je, ni wazazi wangapi wa Ilomba waliowahi kuomba wakione kitabu hicho?

Na hapa ndipo neno letu linapowageukia wazazi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango, wengi walidhani umefuta na ulezi. Elimu bure ikafasiriwa kuwa mtoto sasa ni wa serikali. Mzazi huondoka alfajiri kwenda Mwanjelwa, hurudi usiku, hajui kama mwanawe alifika darasani au alishinda vijiweni. Akiitwa shuleni hutuma shangazi. Akija mwenyewe, hukatisha mazungumzo: "Mwalimu, mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo si yake kuitoa! Mzazi hana mamlaka ya kuruhusu kilichokatazwa na kanuni. Yuko na mwingine, anayekuja kwa jazba kumtukana mwalimu mbele ya wanafunzi kwa kuwa mwanawe amekaripiwa. Darasa hilo kesho yake halitawaliki.

Walimu nao wasijifiche nyuma ya madarasa yaliyofurika, ingawa ni kweli yamefurika. Barua ya wito huandikwa kijana akiwa ukingoni mwa kusimamishwa masomo, wakati utoro wake ulianza wiki nyingi nyuma. Mkutano wa wazazi huitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na ajenda ni madawati na uji. Mama muuza nyanya afunge meza yake aende kusikiliza habari za uji?

Tunachodai hakihitaji bajeti. Mwalimu wa darasa ampigie simu mzazi siku ya kwanza mtoto asipoonekana. Mikutano iwe Jumapili alasiri, wenzetu Wakristo wakiwa wametoka kanisani, na ajenda ya kwanza iwe mwenendo wa watoto, darasa kwa darasa, mzazi akieleza anayoyaona nyumbani na mwalimu anayoyaona shuleni. Kanuni za 2002 zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie. Mzazi akubali kuambiwa kuwa mwanawe ni msumbufu, na mwalimu akubali kuulizwa amefanya nini kabla ya kushika fimbo.

Kamati ya shule itakapokutana muhula ujao tutakuwapo, na swali letu la kwanza litakuwa: kitabu cha adhabu kiko wapi?