Usiguse Sharti

Shaaban Robert alipochapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, kisa chenyewe hakikuwa kigeni. Aliyesoma Alfu Lela Ulela alikitambua: ni kile cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili. Khalifa Harun al-Rashid akawa Rai, mfalme wa Ughaibu. Abdallah akawa Adili, na Basra ikawa Janibu. Ndugu waliogeuzwa mbwa katika hadithi ya Kiarabu wakawa manyani, wakaitwa Hasidi na Mwivu ili msomaji asihangaike kutafuta kosa lao. Karibu kila jina lilibadilika, na mji mzima wa Baghdad ukaondoka.

Kuna jambo moja ambalo Shaaban hakuligusa. Kila usiku Adili anawapiga wale manyani, kisha analia na kuwalisha. Anawapiga kwa amri ya jini Huria, na asipotimiza amri hiyo atapigwa yeye. Mtu mwadilifu analazimishwa kuwaadhibu watu anaowapenda, tena waliomtupa baharini kwa husuda, na hapewi nafasi ya kusamehe. Hebu waza kama Shaaban angelegeza hapo. Tuseme Adili angeruhusiwa kupumzika usiku mmoja, au angewapiga kwa furaha. Majina yote yangeweza kubaki ya Baghdad, na hadithi bado ingekuwa imekufa.

Nimeanza na mzee wetu huyu kwa sababu toleo hili linahusu riwaya za ajabu zinapohamia kwenye televisheni, na makala nyingi tulizoletewa na wasomaji wa Sigor na Chepalungu kwa jumla, hapa Bomet, zimeandikwa kwa hasira. Kijana amesoma kitabu kinene, pengine kwenye simu, usiku, huku akiomba chaji isimwishie kabla ya sura kwisha. Baadaye anaiona tamthilia na mhusika aliyempenda hayumo. Hasira hiyo naiheshimu, kwa kuwa hakuna anayekasirikia kitabu kisichomgusa. Lakini mashtaka mengi yanahesabu vilivyokatwa, na mimi naona yangehesabu kitu kingine. Kila ulimwengu wa ajabu una sharti lake: nani anaweza kufanya nini, na kwa gharama gani. Mwenye kamera na akate, aongeze, ahamishe, abadilishe umri na majina. Akishagusa sharti, ameandika hadithi nyingine, na jina la kitabu lililobaki juu ya tangazo linamdanganya mtazamaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Ursula Le Guin. Mwaka 1968 alitoa A Wizard of Earthsea, riwaya ya kijana mchawi katika nchi ya visiwa. Sharti la nchi hiyo ni moja: kila kiumbe ana jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana uwezo juu ya mwenye nalo. Kwa hiyo watu huitana kwa majina ya matumizi, na lile la kweli hupewa mtu unayeweza kumkabidhi uhai wako. Mchawi huyu huitwa Sparrowhawk na kila mtu, na Ged ni siri yake. Mwaka 2004 kituo cha Sci Fi cha Marekani kilitoa tamthilia iliyogeuza mambo hayo juu chini: Ged likawa jina la kuitiwa njiani, Sparrowhawk likawa siri. Waliotengeneza walikuwa na jina la siri mkononi na hawakujua lilikuwa la nini. Isitoshe, Le Guin alikuwa amemchora Ged kuwa mtu wa ngozi ya kahawia, na visiwa vile kuwa vya watu weusi na wa kahawia kwa wingi. Tamthilia ikamfanya mzungu. Mwandishi alipinga hadharani mwaka huohuo, na alikuwa na haki. Aliandika hivyo kwa kusudi, wakati ambapo shujaa wa riwaya za namna hiyo alikuwa mzungu kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Msomaji wa Bomet anaelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa.

Linganisha na filamu za Peter Jackson za The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, za mwaka 2001 hadi 2003. Si televisheni, najua, lakini ndizo zilizofungua mlango uliopitiwa na tamthilia zote zilizofuata. Jackson alimwondoa Tom Bombadil mzima na sura zake. Wapenzi wa Tolkien walilalamika na bado wanalalamika. Hata hivyo, sharti la pete lilibaki: anayeishika inamharibu, awe mwema namna gani. Frodo, aliyepewa kazi ya kuiteketeza, anafika kwenye shimo la moto baada ya safari yote ile, na anashindwa kuitupa. Mtengenezaji mwoga angempa ushindi. Kwa ajili ya dakika ile moja, mimi namsamehe Jackson yale mengine.

Halafu kuna Game of Thrones, ambayo ilionyeshwa kati ya 2011 na 2019 kwa vipindi 73, na ambayo makala nyingi za toleo hili zinairudia. Riwaya za George R. R. Martin zinamtambulisha binti Daenerys akiwa na miaka 13; tamthilia ikamwongezea umri, na sikumbuki aliyeumia. Kilichowashika watu ni kwamba waandishi wa tamthilia walishika sharti la Martin bila kulegea: heshima haimkingi mtu. Katika vibanda vya video tulizoea kuambiana kwamba staringi hafi. Ned Stark alikuwa ndiye staringi, uso wake ndio uliokuwa kwenye mabango, na msimu wa kwanza haujaisha akakatwa kichwa, kama kitabu kilivyosema. Baadaye tamthilia ilivipita vitabu, na watu wanasema hapo ndipo ilipopotea kwa kukosa cha kufuata. Sikubaliani. Ilipotea ilipoacha kulipa gharama. Mwanzoni, safari kutoka kaskazini hadi mji mkuu ilichukua muda, ikachosha watu na kubadilisha maisha yao. Kufikia msimu wa saba watu walivuka bara zima kabla mtazamaji hajamaliza chai yake, na waliozingirwa na maadui mia waliokolewa kwa sababu tunawapenda. Staringi akaacha kufa. Hakuna ukurasa wa Martin uliohitajika ili kuona kwamba sharti limevunjwa.

Kwa nini basi sisi hukimbilia kuhesabu vilivyokatwa? Nina dhana yangu, nayo inahusu shule. Karibu kila aliyepita kidato cha nne nchini Kenya amekaa ukumbini akitazama kikundi cha waigizaji kikiigiza kitabu teule kabla ya KCSE. Tumeona Kifo Kisimani hivyo, tumeona Kidagaa Kimemwozea hivyo. Vikundi hivi vinafanya kazi njema, na mwanafunzi ambaye darasa lake lina nakala chache za kitabu huvishukuru maisha yake yote. Ila mtihani unauliza dondoo: nani alisema, kwa nani, wapi, kwa nini. Mwigizaji akiruka sentensi moja, mwanafunzi anaweza kupoteza alama, na mwalimu aliye mstari wa mbele na kitabu wazi mapajani atamwita pembeni baada ya onyesho. Tukatoka shuleni tukiamini kwamba kufuata kitabu ni kutoacha dondoo. Ni kipimo kizuri cha kujiandaa kwa mtihani. Kukitumia kumpimia msanii ni kumwonea.

Tunacho kipimo kingine, nje ya shule. Aliyeketi kwenye kibanda cha video akimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili, au VJ Jingo kule Kampala kwa Kiganda, anajua kwamba maneno ya asili hayapo kabisa. Msimulizi anawapa wahusika majina mapya, anawaleta mitaani kwetu, anaongeza ushauri na utani wake. Watazamaji hawalalamiki. Wanalalamika pale tu anapochanganya nani adui ya nani, na nani anadaiwa damu. Watu wasioitambua hata herufi moja ya Kichina wanalinda kiungo cha hadithi kuliko wahakiki wengi.

Na huku kwetu tuna deni la kulinda kiungo cha hadithi, ambalo halijalipwa. Chemosit wa ngano zetu, sisi Wakipsigis na jamaa zetu Wanandi, aliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi: nusu mtu na nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Huimba karibu na makazi. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo, hudhani kuna ngoma, hutoka wenyewe, naye huwala. Sasa angalia kilichotokea. Walowezi na maafisa waliosikia habari zake mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kumtafuta kwa bunduki. Wakahesabu nyayo, wakaandika ripoti, na jina la chemosit likabandikwa kwenye mnyama waliyemwita dubu wa Nandi, katika nchi isiyo na dubu. Hadi leo ukimtafuta chemosit kwenye intaneti, anayekujia kwanza ni yule dubu. Mwimbaji ameondolewa, amebaki mnyama anayerarua mbuzi na kuvunja vichwa. Hakuna tamthilia iliyowahi kukiuka riwaya kwa kiasi hicho. Sharti la chemosit ni kwamba havunji mlango. Anaimba, na wewe ndiye unayefungua.

Nasema haya kwa sababu kuna vijana katika kaunti hii wanaotaka kutengeneza tamthilia, na swali lao la kwanza huwa fedha: wataupata wapi utaalamu wa kompyuta wa kuchora mazimwi? Majoka ya Game of Thrones yaligharimu mamilioni ya dola. Chemosit aliyefuata sharti anahitaji taa nyekundu mbali gizani na sauti inayoimba vizuri. Mweke leo, katika kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, au kwenye barabara ya kuteremka kutoka Bomet mjini. Mpe simu. Mpunguzie makalio ukiona yanaleta kicheko mahali pasipostahili. Wazee watanuna, nami nitakutetea. Ukimfanya avunje mlango, nitaungana na wazee.

Ombi hilohilo ningelipeleka kwa yeyote atakayethubutu kuigeuza Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025. Riwaya ile ni ndefu mno. Nusu yake italazimika kukatwa, na sioni ubaya. Lakini mtengenezaji atashawishika kuhamishia ajabu yote kwenye mikono ya mganga, cheche na moshi, kwa kuwa ndivyo watazamaji walivyozoeshwa. Katika Aburĩria, nchi ya riwaya hiyo, wanaogeuka maumbile ni wenye mamlaka na wanaojipendekeza kwao. Sikiokuu amepasuliwa masikio yakawa makubwa ili awe mpelelezi wa Mtawala, Machokali amefanyiwa hivyo macho, na Mtawala mwenyewe anavimba mbele ya madaktari wasiojua la kufanya. Kamĩtĩ, anayeitwa mchawi, mara nyingi hutibu kwa kioo na mazungumzo. Tamaa inaandikwa mwilini mwa mwenye tamaa: hilo ndilo sharti la Ngũgĩ, na hapo hakuna ruhusa ya kukata.

Adam Shafi alipata bahati. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute kuwa filamu mwaka 2021, hakubeba kila safari na kila ndoa ya riwaya, na bado Yasmin alibaki binti anayelipa kwa kila hatua ya uhuru wake. Riwaya ile haina majini, lakini gharama ni ileile.

Waandishi wa kurasa zinazofuata hawakubaliani nami wote. Mmoja anashikilia kwamba Tom Bombadil ndiye moyo wa Tolkien, na ameijenga hoja yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Msomeni kwanza. Toleo lijalo tumelitengea miswada ya maonyesho mafupi kutoka ngano za Kipsigis, kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi kumi. Juu ya ukurasa wa kwanza andika kwa sentensi moja sharti la ngano uliyoichagua, kisha ubadilishe yaliyobaki upendavyo.