Aleji Si Ugonjwa wa Mababi, na Uchafu Si Dawa

Kuna msemo umechoka lakini bado mnautumia: "Uchafu hauui Mwafrika." Mtu akipiga chafya mfululizo pale steji ya Kanduyi, anaitwa babi. Dem akisema njugu zinamfura midomo, anaambiwa anaringa. Mtoto akitoa inhela darasani, wenzake wanaangua kicheko, eti huyo ni wa mayai. Halafu mzee wa miaka 22 anaandika kwa komenti: "Sisi tulikula udongo, hatujui aleji." Sawa, mkubwa. Leo tumalizane na hii stori.

Kwanza nikupe haki yako: kuna ukweli ndani. Mwaka wa 1989, David Strachan wa Uingereza alichambua rekodi za watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa huko. Aliona kwamba mtoto mwenye kaka na dada wakubwa wengi hasumbuliwi sana na zile chafya za chavua. Wazo lake lilikuwa rahisi: ndugu zako wanakuletea vijidudu mapema, na mwili wako unafaidika.

Mwaka wa 2016 ukaja ushahidi mzito zaidi kutoka Marekani. Waamish na Wahutterite ni jamii mbili za wakulima zenye asili inayokaribiana na maisha yanayofanana. Tofauti ni kwamba Waamish bado wanalima kwa farasi na zizi liko karibu na nyumba, wakati Wahutterite wanatumia mashine kubwa na mifugo iko mbali na watoto. Pumu kwa watoto wa shule ni asilimia 5.2 kwa Waamish na 21.3 kwa Wahutterite. Na vumbi la ndani ya nyumba za Waamish lilikuwa na mabaki ya bakteria karibu mara saba zaidi.

Kinga ya mtoto mchanga ni kama askari aliyetoka depo jana. Ana bunduki lakini hajui adui ni nani. Bakteria wa kwenye ngozi ya mama, kwenye udongo na kwenye zizi wanamfundisha kutulia. Asipofunzwa, siku moja anaona chavua au vumbi la kawaida anafyatua risasi. Hiyo ndiyo aleji: si mwili dhaifu, ni mwili unaopigana na hewa.

Sasa hapo ndipo nyinyi mnasimama na kupiga makofi. Ngojeni, kuna mambo matatu mmeruka.

La kwanza: uchafu gani? Kilichowalinda watoto wa Waamish ni vumbi la zizi. Si maji ya choo yanayovuja nyuma ya ploti, si mtaro mweusi unaopita mbele ya kibanda cha chapati. Vijidudu vya kipindupindu na taifodi havifundishi mtu kitu, vinampeleka wodi. Anayekwambia usinawe mikono ukitoka choo kwa sababu ya "kujenga kinga" hajasoma sayansi, ametafuta tu kisingizio. Na mwenye ploti anayewapa familia nane choo kimoja kilichojaa asijifiche nyuma ya msemo huu pia. Huo si uafrika, ni kula kodi bila kazi.

La pili: lini? Masomo haya hufanyika mapema, miezi na miaka ya kwanza kabisa. Hata yale matope ya mtoni unayopakwa Agosti ukienda kutahiriwa, kwa heshima zote za mila, yanakufanya mwanaume lakini hayafuti pumu. Darasa lilifungwa zamani, ukiwa bado unatambaa.

La tatu, na hili ndilo linatuhusu sisi: wapi? Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu watoto wa shule eneo la Entebbe, hapo tu Uganda, uliongozwa na Harriet Mpairwe. Waliozaliwa jijini au kwenye mji mdogo walikuwa na uwezekano wa pumu zaidi ya mara mbili wakilinganishwa na waliozaliwa kijijini. Mji mdogo. Soma tena. Hapo hatuzungumzii Karen wala Runda. Tunazungumzia mahali kama Kanduyi.

Angalia tunavyoishi. Kukhu alimlea mama yako na ng'ombe mlangoni kule Bumula. Wewe umelelewa chumba kimoja cha simiti kando ya barabara, trela za Malaba zinakupumulia moshi usiku kucha. Hujaona zizi tangu Krismasi. Kwa hivyo kusema "sisi ni wa ushago, aleji haitupati" ni kudai urithi ambao hukuupata.

Na hata ushago hakuna kinga kamili. Utafiti wa 1998 uliwapima watoto wa shule baada ya mazoezi: mirija ya kifua ilibana kwa asilimia 22.9 jijini Nairobi, na 13.2 mashambani Murang'a. Pungufu, ndiyo. Sifuri, hapana. Hao watoto wa Murang'a nao mtawaita mababi?

Hiki kicheko kina bei. Mtoto anaficha inhela kwa sababu mtaa umemwambia ni aibu. Mzazi anaogopa kuinunua kwa sababu jirani amesema "ukianza hutaacha", jambo ambalo si kweli. Usiku kifua kinabana, watu wanatafuta aliyemroga badala ya kutafuta boda ya kumkimbiza hospitali. Pumu inaua. Utani wako ni sehemu ya hiyo safari.

Kwa hivyo, nyinyi mnaoanza kulea, na najua mko wengi humu: mwacheni mtoto aguse udongo safi wa shamba, afukuze kuku, alale karibu na binamu zake. Mpeleke kwa kukhu akiwa mdogo, si akiwa na simu. Mnyonyeshe. Usikimbilie kemisti kununua antibayotiki kila akipata mafua. Mafua ni virusi, na hiyo dawa itaua bakteria wazuri wa tumboni bure. Lakini osha mikono, chemsha maji, dai choo kinachofanya kazi. Na kama tayari anakohoa usiku au anapiga filimbi kifuani, zizi halitamponya. Mpeleke kwa daktari.

Mtoto wa Kanduyi anastahili ng'ombe, choo safi na inhela. Anayemwambia achague moja, mwambie akae chini.