Kioo Cheusi Hakijaua Kompyuta

Kompyuta nyingi katika vibanda vya kuchapa barua mjini Uvira zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kufika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Umeme ukikatika kisha ukarudi ghafla, kioo kinabaki cheusi au kipanya hakisogei, na mwenye mashine anaambiwa anunue nyingine.

Ushauri huo unawatia watu hasara bure. Kipanya chenye kichwa cha duara, mtindo ulioletwa na IBM mwaka 1987, hutambuliwa kompyuta inapowaka. Kikichomekwa baadaye, mara nyingi hakiitiki. Mashine izimwe, kichomekwe, iwashwe tena. Tundu lake la kijani lina umbo lilelile la tundu la zambarau la kibodi, na hapo wengi hukosea.

Waya wa VGA, unaopeleka picha kwenye kioo, nao una nafasi ya pini 15 nyembamba. Moja ikipinda, rangi huharibika au picha hupotea. Lakini maandishi yakionekana mwanzoni kisha kioo kikazimika, huenda mashine imepangiwa picha kubwa kuliko uwezo wa kioo: iwashwe katika hali salama, ukubwa upunguzwe hadi 1024 kwa 768.

Uzee wa programu nao si sababu ya kutupa mashine: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kompyuta nyingi zilizokuwa zikiitumia bado zinaweza kuendeshwa kwa Linux. Ili ujuzi huu uenee, shule za Uvira zinazofundisha informatiki ziwape wanafunzi bisibisi na mashine mbovu waifungue wenyewe, badala ya kuwanakilisha michoro ubaoni.