Jina la Kanga



Wako waume wadhanio ya kuwa mahari ikiisha kulipwa, maneno ya upendo nayo yamekwisha. Nyumbani husikika tu: Chumvi imezidi. Mke naye hujibu kwa mlio wa sufuria.

Basi itazameni kanga. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanga za pwani huandikwa maneno karibu na pindo, nayo huitwa jina. Mume mmoja huingia dukani, huuliza bei, hufungiwa doti yake, akaenda zake. Jina hakulisoma, kumbe amemchukulia mkewe maneno ya kumsuta jirani! Mwingine husimama, akaomba afunuliwe ya tatu na ya nne, hata apate neno ambalo kinywa chake chaona haya kulitamka. (Asiye na fedha na ampokee mkewe mtungi njiani, wanaocheka wacheke.) Afikapo huiweka doti kitandani, akatoka nje kana kwamba anatazama kuku. Mke huisoma peke yake.

Siku ya pili aiona imekwisha kukatwa na kupindwa, moja kiunoni, moja kichwani. Amejibiwa.