Albamu ya Lord Spikeheart na Giza la Msituni

Neno duma humkumbusha msomaji wa Kiswahili mnyama mwenye mbio. Kwa Mgikuyu, hata hivyo, ni giza, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walipolibuni kundi la Duma. Albamu yao ya mwaka wa 2020, iliyorekodiwa Kampala, iliwashtua wengi: ngoma za kompyuta zikienda kasi kuliko moyo, na juu yake mayowe ya aina ile iliyozoeleka katika tawi la muziki wa metali liitwalo metali nyeusi. Mwaka wa 2024 Khanja, kwa jina la jukwaani Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, The Adept, na kuitabaruku kwa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildimashali katika jeshi la Mau Mau, na ambaye alifariki mwaka wa 2023.

Kutabaruku huko ndiko kunakoifanya albamu hii iwe jambo la kuzungumzwa Meru na Embu. Pande hizi zilitoa wapiganaji wao: Musa Mwariama aliyedumu msituni hadi uhuru, Baimungi aliyeuawa mwaka wa 1965 na vikosi vya serikali ya wananchi wenzake, na Jenerali Kubukubu wa Embu. Msitu wa Mlima Kenya unaonekana kutoka madirishani mwa mabweni ya wanafunzi. Kwa hiyo kijana anayeiweka albamu hii masikioni haelezwi habari za ng'ambo. Anaelezwa habari za nyumbani, ila kwa sauti ngeni.

Lakini je, sauti hiyo ni ngeni kweli? Waumini wengi watasema ni ya shetani, wakome hapo. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1994 serikali ya Rais Moi iliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na hofu iliyozaa tume ile haijatoweka. (Duma nao walichochea moto huo kwa kuuita wimbo wao mmoja Pembe 666.) Shutuma hii haina uzito. Vijana wa Norwe waliokuza metali nyeusi miaka ya tisini waligombana na kanisa, na baadhi yao wakayachoma makanisa, wakidai kurejesha enzi ambazo wao wenyewe walizijua kwa kusoma tu. Giza la Mau Mau halikusomwa vitabuni. Lilikuwa giza la usiku wa kiapo na la msitu uliomficha mtu asionekane na ndege za Mwingereza, lilikuwa kinga. Kulirejesha giza hilo katika muziki na kulitendea kama urithi badala ya laana ni fikra nzuri sana, na pengine ndiyo ubora mkuu wa albamu.

Aidha, masikio yaliyolelewa kwa ngoma za Wachuka, zile ndefu zinazobanwa katikati ya mapaja, hayapati taabu na mdundo huu. Wingi wa midundo inayokimbizana na mchezaji kutoruhusiwa kupumua ni mambo yaliyozoeleka huku kabla ya gitaa la umeme kufika.

Tatizo liko kwenye maneno. Khanja hupiga yowe hadi silabi zinapasuka, na msikilizaji huambulia ghadhabu bila kujua imeelekezwa kwa nani. Watetezi wake watajibu kwamba nyimbo za jandoni za Wameru nazo zimejaa mafumbo yasiyomkusudia kila mtu. Ni kweli, lakini fumbo hufumbwa kwa maneno yanayosikika. Asiyelielewa hulibeba hadi siku atakapolifumbua. Yowe halibebeki hivyo. Hubaki mwilini kama mtetemo, kisha likaisha. Kwa mateso, huenda yowe likatosha, maana kuna maumivu ambayo lugha haiyafikii. Kwa kumbukumbu, halitoshi. Muthoni alikuwa mtu mwenye jina, mahali na miaka. Nywele alizozifuga tangu msituni hazikunyolewa hadi mwaka wa 2022. Kisa hicho pekee kingelibeba utenzi mzima.

Si haki kumdai mwanamuziki awe mwanahistoria, na nguvu ya kazi hii haikanushiki. Wapo watakaolisikia jina la Muthoni kwa mara ya kwanza kwa sababu yake, tena katika nchi ambazo hazijawahi kumtaja. Lakini jina hilo watalipata nje ya nyimbo zenyewe, katika maelezo yanayoambatana nazo. Na ajuza wa Runyenjes akimwuliza mjukuu wake kijana huyo anayepiga mayowe analilia nini, mjukuu atalazimika kuzima muziki kwanza ndipo amsomee.